Gesti ya Thamel kabla ya Annapurna: uzoefu wangu wa Kathmandu

Niseme mapema kabisa, hii gesti kama gesti naipa nyota tatu, ila kwa huduma ya kukuandaa kwenda mlimani naipa tano zote. Iko Thamel, Kathmandu, ule mtaa ambao wapanda milima karibu wote wa Nepal wanafikia, na kwa sababu kuna mambo nitasema hapa ambayo mwenyewe hatayapenda basi jina nimeliacha.

Mimi ni mtu wa Moshi, kazi yangu ni kuongoza wageni Kilimanjaro, nimezoea kuwaona wazungu wameshuka kwenye basi macho mekundu, mapapasi wamewazunguka, hawajui pochi washike wapi. Safari hii ikawa zamu yangu. Nilikuwa naenda kuzunguka milima ya Annapurna, ile njia ndefu inayovuka kipito cha mlimani cha Thorong La, mita 5,416, chini ya Uhuru Peak ndio, lakini unatembea wiki mbili na zaidi, siyo siku sita saba umemaliza unaenda kula nyama choma.

Airport ya Tribhuvan viza unapata ukifika, Mtanzania hasumbuliwi. Dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30, dola 125 kwa siku 90, na kwa Annapurna chukua ya siku 30 usibane matumizi hapo. Ndege yetu ya kutoka Doha ilijaa vijana wa Kinepali wanarudi nyumbani kutoka kazini Ghuba, wengine na TV bapa zimefungwa kamba, na kwenye mikanda ya mizigo ndiko tulikosota, siyo kwenye viza.

Sasa wakati wa kubuku waliniandikia kwamba kupokelewa airport ni bure. Natoka nje natafuta kibao chenye jina langu, hamna. Napiga simu, inaita mpaka inakata. Madereva teksi kama kumi wameshanizunguka, mmoja ameshashika begi, nikarudi ndani kwenye dirisha la teksi za kulipia kabla nikalipa nikaondoka zangu. Dereva wao alitokea gesti nikiwa nimeshaoga, anauliza mbona sikumsubiri. Nyota ya kwanza ikaenda hapo.

Mji wenyewe jamani. Chukua Kariakoo siku ya kuamkia Idi, ibane kwenye vichochoro visivyo na njia ya miguu halafu uachie pikipiki zote kwa pamoja. Wanaendesha kushoto kama sisi, lakini hilo halikusaidii kitu maana pikipiki inatoka popote, ng'ombe amelala katikati ya barabara na hakuna anayemgusa, nyaya za umeme zimeviringana juu ya kichwa huelewi ipi inaenda wapi, na vumbi ndo usiseme, nunua barakoa siku ya kwanza. Kuhusu honi, usiruke pembeni kila ukiisikia, wanapiga kukujulisha tu kwamba wapo nyuma yako, wewe nyoosha njia yako usibadili mwelekeo ghafla. Saa nayo inatupita kwa saa mbili na dakika arobaini na tano, hizo arobaini na tano zilinichanganya kuliko hata usingizi. Na ukiwa mweusi watu watakuuliza kama wewe ni mchezaji mpira, maana timu zao zimesajili Waafrika, mimi nilijibu ni beki nikapigwa picha nyingi tu.

Kilichofanya niwasifu hawa watu ni mzee wa mapokezi. Kila mtu pale anamwita dai, yaani kaka mkubwa kwa Kinepali, na mimi nikafuata. Kabla sijaweka begi chini akanitonya kuhusu mchezo wa maziwa: utafuatwa na mama ana mtoto, hataki hela kabisa, anaomba tu umnunulie kopo la maziwa ya unga duka lile pale, ukishageuka kopo linarudi kwenye shelfu na hela wanagawana. Jioni ile ile nikafuatwa, maneno yale yale kama alivyosema. Wanaouza dawa ya kuchua na wanaonong'ona habari za bangi wala hawana shida, ukikataa wanacheka wanaenda kwa mwingine.

Halafu vifaa. Hapa ndo nataka mnaoenda msome vizuri. Thamel kila duka la pili linauza makoti na mabegi ya mlimani, na nembo kubwa kubwa unazoziona nyingi ni feki, siyo siri, wauzaji wenyewe wanakwambia. Dai alinifanya nitoe kila kitu nilichobeba nikapanga kitandani, akachambua. Viatu vyangu vya Kilimanjaro akavisifia, akasema anayenunua viatu vipya Thamel na kesho yake kuanza safari anajitafutia malengelenge. Glovu na soksi nunua. Koti zito la manyoya ya bata na slipingi begi usinunue, kodi. Gesti wana stoo yao ghorofa ya chini, nililipa rupia 150 kwa siku kila kimoja pamoja na dhamana, bei ambayo Moshi singeipata.

Na alinionyesha namna ya kukagua, ambayo mimi na uzoefu wangu wote niliongeza kitu. Unalitoa slipingi begi kwenye mfuko wake unaliacha limelala robo saa, likivimba lenyewe bado zima, likibaki limesinyaa kama chapati manyoya yamekufa rudisha. Zipu vuta mara kadhaa mpaka chini. Nusa. Nikapiga picha kila upande, na ile zipu ya koti iliyokuwa na meno mawili yamelegea nikaipiga peke yake. Mtu atauliza slipingi begi la nini wakati kule unalala kwenye vinyumba vya chai na siyo kwenye hema kama Kilimanjaro. Ni kweli kuna vitanda na mablanketi, ila Oktoba wageni ni wengi na blanketi la pili huko juu ni bahati yako.

Kibali cha Annapurna ni rupia 3,000 kwa mgeni, ofisi iko Bhrikuti Mandap, walituma kijana na pasipoti yangu na picha akarudi mchana kimekamilika. Risiti imeandikwa mwaka 2081! Nikadhani wamekosea, kumbe kalenda yao iko mbele yetu miaka hamsini na kitu. Tangu Aprili 2023 serikali yao inamtaka mgeni awe na muongozaji mwenye leseni, kwa hiyo na mimi nikatafutiwa wangu, dola 30 kwa siku, kijana makini sana, tulivyogundua kazi yetu ni moja tukaanza kulinganisha bahshishi za wageni wa nchi gani ni nzuri mpaka chai ikapoa.

Chumba sasa. Kitanda safi, wifi ipo, maji ya moto ni ya sola kwa hiyo oga jioni, asubuhi ni barafu. Baa ya jirani inapiga muziki mpaka usiku, ikinyamaza mbwa wanapokea. Chai ya asubuhi yai moja na tosti, nilikuwa nashuka kibanda cha pili kula momo za nyati, vile vidonge vya unga vyenye nyama ndani. Nyota ya pili niliikata kwa kijana wa zamu ya usiku, alinikomalia kweli kweli nichukue gari la jeep peke yangu mpaka Besisahar, mji ambako safari ya Annapurna inaanzia, eti mabasi hamna. Asubuhi dai akanikatia tiketi ya basi bila maneno. Barabara ilikuwa inajengwa, kaa upande wa kulia uone mto, na usinywe maji mengi.

Mkiwa na siku ya kupumzika hapo mjini nendeni Boudhanath, lile kuba kubwa la Wabudha, jioni mzunguke na wenyeji, kwa mwelekeo wa saa kama wao. Ngazi za Swayambhunath, hekalu lililo juu ya kilima, zinatosha kupima miguu, nyani wa pale wanapora biskuti shika vizuri. Kathmandu iko mita 1,400 hivi, sawa na Arusha, kwa hiyo msijidanganye kwamba mwili unazoea urefu pale, kuzoea kunaanzia huko Manang, kijiji cha juu njiani.

Begi la ziada wanakutunzia bure mpaka urudi. Niliporudi yule kijana wa usiku akalishika koti, akaenda moja kwa moja kwenye zipu, akasema atakata rupia elfu moja kwenye dhamana. Nikafungua simu nikamwonyesha picha na tarehe yake. Akaita dai, dai akaangalia, akanirudishia hela yote akaongeza na glasi ya chai.