Uzoefu wangu na dawa ya kutoa madini ya risasi mwilini, pamoja na lile beseni la miguu

Kwa wasio na muda wa kusoma yote: vidonge vya DMSA (dawa inayonasa risasi na kuitoa kwa mkojo) vilishusha madini ya risasi kwenye damu yangu, kama daktari alivyosema. Figo hazikurudi zilivyokuwa. Na beseni la kuloweka miguu lililokula hela zangu hapa Arusha halikutoa kitu.

Kazi yangu ilikuwa betri za magari, mtaa wa Unga Limited. Si kuchaji tu. Tulizipasua zile zilizokufa, tukatoa pleti, tukayeyusha risasi kwenye karai juu ya mkaa na kumimina kwenye kalibu kutengeneza vichwa vya betri. Chai tuliinywa na chapati tukazila hapohapo, mikono imefutwa kwenye suruali. Dalili zilikuja kidogo kidogo: tumbo kusokota, choo kigumu, presha juu, halafu kidole gumba cha mguu kikaanza kuvimba na kuuma usiku kiasi kwamba hata shuka ikigusa unaruka. Nikatibiwa jongo (gauti), nikaambiwa niachane na nyama choma. Kote huko hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani. Nimekuja kuelewa baadaye kuwa risasi huzuia figo kutoa asidi ya yuriki, taka ya damu inayoleta jongo, kwa hiyo jongo lilikuwepo kweli, ila chanzo hakikuwa bucha.

Shemeji ndiye aliyenipeleka kwenye kituo cha tiba mbadala. Unashika kijiti cha chuma, kompyuta inatema kurasa za majibu, na kwa jinsi nilivyosikia pale kwenye benchi, kila mtu alikutwa na "metali nzito". Dawa yake: unatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, wanawasha mashine, maji yanageuka kahawia. Dada wa pale ana chati ukutani: kahawia ni ini, njano ni figo, povu ni sumu za kwenye tezi. Elfu ishirini kwa kikao. Siku moja nikamwomba, "Dada, hebu iwashe bila miguu yangu." Alisita, akaiwasha. Baada ya dakika chache maji yakawa kahawia yaleyale, na povu juu. Ni vyuma vya mashine vinavyoliwa na umeme ndani ya maji ya chumvi, yaani kutu. Mtu wa betri nilipaswa kuonyeshwa hilo? Niliondoka nikicheka, hela hazikurudi.

Walikuwa pia na dripu ya "kusafisha mishipa" yenye EDTA. Hapa naomba msomaji asimame kidogo. EDTA ipo hospitalini na ni dawa halali ya sumu ya risasi, lakini ile inayotumika ni yenye kalsiamu. Ipo nyingine yenye sodiamu peke yake, majina yanafanana, na hiyo hunyonya kalsiamu ya damu mpaka moyo unaweza kusimama. Marekani iliripoti watu 3 waliofariki namna hiyo kati ya 2003 na 2005, wawili wakiwa watoto. Juu ya hapo, EDTA hutoka kwa njia ya figo na yenyewe inaweza kuziumiza, kwa hiyo mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi na kupimwa kila mara. Anayekutundikia bila kupima kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo) kwanza, chomoa uende.

Aliyenifumbua macho ni mtu wa maabara. Nilipewa rufaa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa sababu ya upungufu wa damu na kreatinini ya 212, iliyo juu ya kawaida. Kwenye darubini chembe nyekundu zilikuwa na vidoti vya bluu, alama inayoweza kuletwa na sumu ya risasi, na hapo ndipo lilipokuja swali la kazi. Sampuli ikasafirishwa kupimwa, majibu ya risasi yakarudi 72 (mikrogramu kwa desilita ya damu), wakati Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe kuanzia 5.

Dawa yenyewe, ile DMSA, haikuwepo kwenye maduka niliyoulizia Arusha, ilibidi iagizwe. Ukifungua kopo unakutana na harufu ya yai viza, na mkojo nao unanuka hivyohivyo. Dozi inapigiwa hesabu kwa uzito: siku 5 kila baada ya saa 8, kisha siku 14 kila baada ya saa 12. Nilipata kichefuchefu na vipele mgongoni. Walinipima ini na chembe nyeupe kila wiki. Mwishoni risasi ilikuwa 24. Nikafurahi, halafu ikapanda tena hadi 38, kwa sababu sehemu kubwa ya risasi ya mtu mzima inakaa kwenye mifupa na inarudi kwenye damu taratibu. Nikarudia dozi.

Tumbo limetulia, damu imepanda, jongo limepungua sana. Kreatinini inacheza kwenye 190. Daktari wa figo hakunidanganya: kovu haliyeyuki, tunachogombania ni kuchelewesha mashine ya kusafisha damu. Alinitajia utafiti wa Taiwan wa 2003, ambapo wagonjwa wa figo wasio na kisukari waliotundikiwa EDTA yenye kalsiamu, figo zao zilichelewa kuharibika zaidi. Kwangu hilo linatosha kuendelea kuhudhuria kliniki.

Watoto nao walipimwa, maana mama yao alikuwa akifua nguo zangu za kazi pamoja na zao. Mdogo alikuwa na 11. Hakupewa dawa, tulitenga nguo na kudeki nyumba kwa maji badala ya kufagia, na inashuka.

Sasa nauza betri mpya tu. Juzi jirani yangu wa zamani wa karai alikuja kuomba vidonge vilivyobaki. Nilimkatalia. Ukivinywa huku bado unayeyusha, daktari anasema mwili unaweza hata kunyonya risasi zaidi. Nimempa namba ya kliniki, na amesema ataenda akimaliza mzigo alionao.