Adapta yangu ya USB ilishika waifai vizuri, lakini ilikataa kurusha

Nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Busia, upande wa Uganda. Kompyuta yangu ni ya mezani, ina Windows 10 na haina waifai ndani. Intaneti naipata kwa modemu ya laini ya simu. Tangu Julai 2021 bando linatozwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo kununua bando la kompyuta, la simu yangu na la kijana anayenisaidia kunaniumiza. Nikaamua kununua adapta ndogo ya USB ili ichukue intaneti ya modemu na kuwarushia wengine.

Nililipa shilingi 35,000. Muuzaji aliichomeka kwenye laptopu yake, ikashika waifai ya duka, akaniambia, "Umeona mama, nzima kabisa." Kweli ilikuwa nzima. Ila kushika mtandao ni kazi moja na kurusha ni kazi nyingine, na mimi sikulijua hilo.

Kwanza nilijaribu hotspoti iliyomo kwenye Windows 10, yaani sehemu ya kurushia intaneti kwa vifaa vingine. Ikadai kompyuta haina intaneti, na huku nafungua barua pepe za wateja! Kumbe modemu yangu inaunganisha kwa kupiga namba, na hotspoti ile haihesabu muunganisho wa namna hiyo. Nikahamia njia ya amri. Nilifungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, nikaandika netsh wlan set hostednetwork mode=allow, nikaongeza jina la mtandao na nywila ya herufi zisizopungua 8. Hiyo ilikubali. Nilipoandika netsh wlan start hostednetwork, jibu likaja: "The hosted network couldn't be started," yaani mtandao wa kurusha umeshindwa kuanza.

Nilihamisha adapta kutoka tundu la mbele hadi la nyuma, nikazima na kuwasha kompyuta, nikaizuia Windows isiikatie adapta umeme. Siku mbili zikaisha hivyo.

Kijana wangu ndiye aliyeandika netsh wlan show drivers. Katikati ya maelezo marefu kulikuwa na mstari huu: "Hosted network supported: No," yaani draiva, ile programu inayoendesha adapta, haikubali kurusha kwa njia hii. Ningeuona siku ya kwanza nisingesumbuka hivyo. Njia hii ya kurusha ilikuja na Windows 7 mwaka 2009. Baadaye Windows 10 ikaegemea Wi-Fi Direct, njia nyingine ya kuunganisha vifaa moja kwa moja kwa waifai, na draiva nyingi mpya zikaiacha ile ya zamani. Draiva yangu Windows ilikuwa imejiwekea yenyewe, mpya.

Tukaweka kisidii kilichokuja na adapta, chenye draiva ya Windows 7. Ndani ya Device Manager, orodha ya vifaa vya kompyuta, tuliichagua kwa mkono, hatukuiachia Windows itafute. Tulipoandika tena ile amri, mstari ukasema Yes. Nilifurahi mapema mno, maana kurusha bado kulikataa. Tukafungua View, tukachagua Show hidden devices, tukakuta Microsoft Hosted Network Virtual Adapter imezimwa. Tulipoiwasha, mtandao ukaanza. Likabaki jambo moja, kuweka tiki kwenye Sharing ya muunganisho wa modemu, ili intaneti yake igawiwe kwa wengine. Simu yangu ikapata anwani inayoanza na 192.168.137, na intaneti ikafunguka.

Sasa ni mwezi wa tatu. Simu mbili na tableti moja zinatumia bila kukatika, na fundi cherehani wa mlango wa pili anaipata pia. Kero iliyobaki ni kwamba kompyuta ikizimika, na umeme hapa unakatika, mtandao haujiwashi. Lazima niandike upya amri ya kuanzisha.

Juzi nilimnunulia dada yangu wa Tororo adapta kama hiyo. Kabla ya kutoa pesa nilimwomba muuzaji aniruhusu niandike show drivers kwenye laptopu yake. Mbili za kwanza zilisema No. Ya tatu ilisema Yes, nikalipia hiyo, na kisidii chake nikakifunga kwenye karatasi pamoja nayo.