Gitaa la Umeme: Usilipie Rangi Kabla ya Pikapu

Magitaa mawili ya aina moja, jekundu na jeusi, yamening'inia dukani. Jekundu ghali zaidi, na muuzaji anakuapia kuwa lakeri yake (ile rangi ya juu inayong'aa) "inapumua". Ipumue wapi? Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba, umeme kidogo huzaliwa humo, na huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Rangi haimo safarini.

Pesa yangu ingekwenda hivi.

Kwanza, amplifaya na spika yake. Hapa sibishani na mtu.

Pili, pikapu, yaani ile sumaku na koili yake ya waya (si ile ya kubebea mchanga). Ya koili moja inalia kwa ukali na uwazi, na kwa solo ya benga ningeanzia hapo, ingawa inavuma ukikaa karibu na taa za tyubu. Ya koili mbili ni nene na inaua ule mvumo. Kabla hujanunua nyingine, chukua bisibisi uisogeze ile uliyonayo karibu na nyuzi, kidogo kidogo. Utasikia tofauti bila kutoa hata shilingi.

Tatu, nyuzi mpya na fundi wa kuzirekebisha.

Nne, mfuniko wa pikapu. Katika mapambo yote huu ndio wenye neno la kusema: ukiwa wa shaba nyeupe nene hula sauti za juu kidogo; wa plastiki hauna habari. Danelectro, kampuni ya magitaa ya Marekani, miaka ya 1950 walizifungia pikapu zao kwenye vikopo vya lipstiki na miili wakaitengeneza kwa hadibodi. Wapigaji wanayatafuta magitaa hayo hadi leo.

Tano, rangi. Fender, kampuni nyingine ya magitaa, walipaka hata rangi za magari, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wakahamia poliesta, rangi ya plastiki ngumu. Nitro, ile lakeri ya zamani, inazeeka vizuri na mkono unaipenda, lakini stendi yenye mpira huila ikaacha alama. Inunue kwa macho.

Mwisho kabisa, dhahabu kwenye vyuma. Jasho na hewa ya chumvi ya pwani haziiachi. Kwenye gitaa langu imebaki kwenye skrubu mbili tu, pale kiganja kisipofika.