JSON.stringify: kwa fundi nyota 4, kwa mteja mmh

Huku Tanga nna kaukurasa ka oda za samaki wa soko la Deep Sea, sasa ukiitupa oda nzima kwenye skrini kama maandishi inakuja [object Object], mteja wa Raskazone ataelewa nini hapo? JSON.stringify, ile funksheni ya JavaScript ya kugeuza objekti (furushi la data, kama hiyo oda) kuwa maandishi, ndo inaokoa, na ukiiongezea null, 2 mwishoni inapanga kila kitu mstari wake, changu kilo 3, bei, simu, yaani unasoma bila kukodoa macho. Imo tayari kwenye brauza, huinstoli chochote.

Ila ina tabia zake bana. Kipengele chenye undefined (yaani hakijapewa thamani) inakimeza kimyakimya, funksheni nazo hivohivo, na objekti ikijirejelea yenyewe inagoma na kurusha kosa la TypeError. Kero kubwa kwangu ni tarehe: oda ya saa mbili usiku inatoka 17:00 na Z nyuma, saa za UTC hizo, zile za kimataifa, sisi tuko mbele masaa matatu, mtu wa boda akisoma hivyo si anafika saa kumi na moja jioni mzigo haupo! Mi cha kumwonyesha mteja napitisha kwenye Intl.DateTimeFormat, kipanga tarehe cha brauza, ya sw-TZ (Kiswahili cha Tanzania), stringify naiacha ya kukagulia oda.