Gumegume ya kuwindia kulungu: tazama mtambo kabla ya bei

Kila mwaka baridi inapoanza kuuma, ndugu wawili watatu hapa Lancaster, Pennsylvania, hunipigia simu na swali lile lile: ninunue gumegume gani, yaani bunduki ya kuwashwa kwa cheche za jiwe? Wengi wametoka Kivu, Kigoma au Bujumbura. Wameshapita darasa la uwindaji, wana leseni ya kawaida pamoja na ile ya nyongeza ya bunduki za kushindilia, na wamesikia kwamba baada ya Krismasi kuna msimu wa kulungu ambao msitu huwa kimya, kwa kuwa wenye bunduki za kisasa wengi wamekwisha kurudi majumbani. Ni kweli. Msimu huo upo tangu 1974. Kwa kawaida huanza siku inayofuata Krismasi na kwenda hadi kati ya Januari, na masharti yake ni magumu kidogo: bunduki ishindiliwe kwa mdomoni, iwashwe kwa jiwe, kaliba, yaani upana wa ndani ya mtutu kwa inchi, isipungue .44, na darubini marufuku.

Neno lenyewe si geni kwetu. Wazee wa pwani walitofautisha bunduki ya gumegume, yaani ya jiwe, na bunduki ya fataki (kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa na nyundo) iliyokuja baadaye, kisha bunduki ya viasi, yaani risasi zenye ganda, inayopakiwa kwa nyuma. Bunduki za kushindilia ndizo zilizopanda na misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, na ruga-ruga, wapiganaji wa mtemi Mirambo wa Unyamwezi, walipigana nazo. Ila tusichanganye na gobore la kufuliwa kijijini kwa bomba la maji. Bomba la maji halikutengenezwa kuhimili baruti, na hata ukipewa bure, usilifyatue.

Sasa, kabla sijapanga bunduki kwa daraja, naomba uelewe kitu kimoja, maana hapo ndipo pesa za watu zinapopotea. Ukivuta triga, nyundo iliyobana jiwe hushuka na kukwaruza bamba la chuma. Bamba hujifungua, cheche huangukia kisahani chenye baruti kidogo, moto wa kisahani hupenya tundu dogo ubavuni mwa mtutu, ndipo baruti ya ndani inapowaka. Mtambo mzuri hufanya yote hayo yasikike kama mlio mmoja. Mtambo mbovu hukupa "chwaa", halafu kimya kidogo, halafu "puu", na katika kimya hicho mkono umeshayumba na kulungu ameshainua kichwa. Au hukupa "ta!" tupu, bila moto.

Bunduki yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Kitako kilikuwa cha mbao nzuri yenye mishipa, shaba inang'aa. Sitamtaja aliyeitengeneza. Asubuhi ya theluji nyepesi kulungu jike alisimama mbele yangu, hatua thelathini hazifiki, nikavuta triga mara tatu: ta, ta, ta. Akaondoka akitembea. Nilipoifungua nyumbani nilikuta bamba la chuma laini kama msumari, halina cheche za kutoa. Tangu siku hiyo mtu akinionyesha gumegume, mkono wangu huenda kwenye mtambo kwanza.

Kuhusu kaliba sitasema mengi. Chukua .50 au .54. Risasi ya duara ya .490, inayovikwa kitambaa na kuingia kwenye mtutu wa .50, ina uzito wa gramu 11 na nusu hivi. Ile ya .530 ya mtutu wa .54 hufika gramu 14 na nusu. Kaliba .45 inakubalika kisheria, lakini risasi yake ni gramu 8 na ushei tu, na mimi naona ni ya mtu mwenye shabaha ya uhakika na subira ya kungoja kulungu asogee sana. Umbali wa kujiamini kwa wengi wetu, tukilenga kwa alama za wazi, ni mita 50 hadi 70. Anayekuhadithia mita 150 kwa risasi ya duara, msikilize kwa heshima, kisha wewe ngoja kulungu asogee.

Kuna pia suala la mifereji ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi. Risasi ya duara hupenda mzunguko wa polepole, mmoja kwa kila inchi 60 hadi 70. Mzunguko wa inchi 48 ni wa katikati na hupiga vizuri baruti isipozidishwa. Mzunguko wa inchi 28 ni wa risasi ndefu.

Haya, tupange.

Ya kwanza: seti ya Kibler, Woodsrunner au Colonial

Jim Kibler yuko Ohio, jirani na jimbo letu. Anauza bunduki ikiwa vipande: mbao imeshachongwa kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, mtutu umeshakaa mahali pake, mtambo umeshaingia kwenye shimo lake bila kulegalega. Wewe unasugua kwa msasa, unapaka rangi mbao, unang'arisha au kutia kutu ya makusudi kwenye chuma, unaunganisha. Mtu aliyewahi kutengeneza kiti ataweza. Woodsrunner inapatikana kwa .45, .50 na .54, na Colonial ina .50, .54 na .58.

Naiweka juu kwa sababu ya mtambo. Una nguvu, una kasi, bamba lake limekomazwa ipasavyo na cheche zake ni nyeupe. Mtutu nao ni mnene nyuma, mwembamba katikati, na hupanuka kidogo mdomoni, kama ilivyokuwa kwa mafundi wa karne ya 18, kwa hiyo bunduki hukaa mikononi bila kuvutwa chini na mdomo. Ukumbuke kwamba bunduki ndefu ambayo Wamarekani huiita ya Kentucky ilizaliwa hapa hapa Pennsylvania. Mafundi wenye asili ya Ujerumani, Jacob Dickert wa Lancaster akiwa mmoja wao, waliirefusha bunduki fupi na nene ya kuwindia ya kwao ikawa hii. Kuinunua na kuiunganisha katika mji huu huu, kwangu mimi, kuna utamu wake.

Ubaya ni bei, inayopita dola 1,000 kabla hujanunua hata baruti, na wiki kadhaa za kazi ya jioni. Ukianza mwezi wa Septemba utakuwa tayari kabla ya Krismasi. Ukianza Desemba hutakuwa.

Ya pili: Lyman Great Plains au Thompson/Center Hawken, iliyotumika

Kwa mfuko wa mtu wa kawaida, hili ndilo chaguo langu la kweli. Great Plains ilitengenezwa Italia ikauzwa na Lyman: mtutu wa inchi 32, mzunguko wa inchi 60, mzito na mtulivu. Hawken ya Thompson/Center, na ndugu yake Renegade isiyo na mapambo, zina mzunguko wa inchi 48 na mtutu mfupi zaidi unaopita vizuri kwenye vichaka. Ziliuzwa kwa wingi, kwa hiyo bado zinaonekana madukani na kwenye minada. Hakikisha tu ni ya jiwe, kwa maana nyingi zilikuwa za fataki, na ya fataki haikubaliki katika msimu huu. Mtambo wa asili wa Thompson/Center ni wa wastani. Bahati nzuri kampuni ya L&R hutengeneza mtambo mbadala unaoingia hapo hapo, kwa hiyo ukikuta mtutu mzuri wenye mtambo mchovu, usiikimbie. Punguza bei.

Kununua ya mtumba kuna adabu yake. La kwanza kabisa, kabla ya chochote, chukua mdeki, ule ufito wa kushindilia, uingize mtutuni mpaka ugote, weka alama kwa kidole pale mdomoni, uutoe, kisha uulaze nje ya mtutu. Ncha yake isipofika karibu na tundu la moto, ndani kuna kitu, na yawezekana ni baruti na risasi iliyosahauliwa humo miaka ishirini. Baruti nyeusi haichachi kama maziwa. Iliyokaa kavu bado inaua. Muuzaji akikuambia "haina kitu, niamini", mjibu kwa upole kwamba unaamini mdeki.

Ikishathibitika kuwa tupu, shusha kitambaa kisafi chenye mafuta na ukipandishe. Kikirudi na doa la kahawia, si neno kubwa. Kikirudi kimechanika nyuzi nyuzi, kutu imeshakula mifereji, na kitambaa cha risasi nacho kitachanika vivyo hivyo kila ufyatuapo. Achana nayo. Halafu omba ruhusa, ingia mahali penye giza, na ufyatue mtambo bila baruti. Cheche nyeupe nyingi zinazoangukia kisahani ndizo unazozitafuta. Nyekundu mbili tatu zinazofia hewani maana yake ama jiwe limechoka ama bamba ni laini, kwa hiyo badilisha jiwe kwanza kabla hujalaumu chuma. Mwisho vuta nyundo nusu, kwenye kituo cha usalama, na ujaribu triga kwa nguvu. Nyundo ikishuka, usiinunue kwa bei yoyote mpaka fundi aikague.

Mashoto nao wana nafuu hapa: Great Plains ilitoka pia yenye mtambo wa kushoto. Mtu wa kushoto akitumia mtambo wa kulia, moto wa kisahani humulika upande wa uso wake. Kwa vyovyote, vaa miwani ya kinga, uwe wa kushoto au wa kulia.

Ya tatu: Pedersoli Frontier

Ni ya Italia pia, ndefu na nyembamba, mtutu wa inchi 39, na inakuja imeshamalizika. Kazi ya chuma ni safi sana. Ingekuwa ya pili, kama bei yake isingekaribia ya Kibler. Asiye na muda wala hamu ya msasa na rangi, hii ni yake, wala hatajuta.

Ya nne: Traditions

Kampuni hii ya Connecticut ndiyo yenye bei ambayo mtu anaweza kuilipa kwa mshahara mmoja akabaki na ya chakula. Deerhunter ni fupi, mtutu wa inchi 24, mzunguko wa inchi 48, .50. Haina urembo, ila ukiipa jiwe zuri na baruti halisi itakulisha. Ile ndefu, Pennsylvania Rifle, ina mtutu wa inchi 40 na mzunguko wa inchi 66, na ni nzuri kwa risasi ya duara. Ukichagua Traditions, tenga pesa ya mawe mapya tangu mwanzo, na ufyatue sana uwanjani ili ujue tabia ya mtambo wako kabla ya siku yenyewe.

Wana pia modeli iitwayo PA Pellet, ya mzunguko wa inchi 28 na kizibo cha nyuma kinachofunguka kwa usafi. Sheria inairuhusu. Mimi siipendekezi kwa anayetaka bunduki ya jadi, kwa sababu imejengwa kwa risasi ndefu, na baruti ya vidonge haiwaki upesi kwa cheche za jiwe.

Hapo tumeingia kwenye baruti, na nakuomba usibane pesa. Nunua baruti nyeusi halisi, kama GOEX au Swiss, ya chembe inayoandikwa FFFg. Mbadala wake kama Pyrodex na Triple Seven huhitaji joto zaidi ili kuwaka; kwenye fataki hufanya kazi, kwenye gumegume hukuaibisha. Pima kwa ujazo, anza na greni 60 au 70 (greni, si gramu), panda polepole uwanjani huku ukiangalia matundu kwenye karatasi, wala usipite kipimo cha juu kilichoandikwa na mtengenezaji wa bunduki yako. Kisahani hakijazwi pomoni. Baruti ikilijaza tundu la moto, hubidi iungue kama utambi kwanza, na kile kimya cha katikati kinarudi.

Mawe, chukua yaliyopasuliwa kwa mkono, si yaliyokatwa kwa msumeno. Meusi ya Uingereza, yanayotoka eneo la Brandon huko Suffolk, yana sifa ya zamani, na ya Ufaransa yenye rangi ya asali ni mazuri vilevile. Lifunge jiwe kwa kipande cha ngozi ili lisiteleze kwenye taya la nyundo. Beba matatu ya akiba.

Ongeza kifuniko cha ngozi cha kuvisha mtambo, maana theluji ya Januari huyeyuka na kuingia kisahanini, na baruti iliyolowa haibembelezeki. Badilisha baruti ya kisahani kila baada ya saa moja kukiwa na unyevu. Jioni, kabla hujala, osha mtutu kwa maji ya moto, ukaushe, upake mafuta. Masizi ya baruti nyeusi hunywa unyevu wa hewa, na mtutu ukilala mchafu usiku mmoja, asubuhi utakuta kutu.

Jambo la sheria halafu nikuache. Serikali kuu ya Marekani huzihesabu bunduki hizi kama za kale, kwa hiyo mara nyingi unaweza kuagiza ikaletwa mlangoni. Lakini majimbo hayafanani. New Jersey, ng'ambo tu ya mto Delaware, ina masharti yake makali. Na kama karatasi zako za uhamiaji bado ziko njiani, au ulishawahi kuwa na kesi, muulize mwanasheria kabla hujalipa. Masharti ya msimu nayo yasome upya kila mwaka kwenye kijitabu cha tume ya wanyamapori ya jimbo, maana tarehe husogea, na maeneo hayafanani.