Waini nyekundu ya Dodoma mezani Kigoma: mbuzi sawa, dagaa hapana

Haya jamani, za jioni. Niko Mwanga hapa Kigoma, uani kwangu, jiko la mkaa linawaka, na mezani kuna chupa ya waini nyekundu kavu ya Dodoma. Wa chini ya miaka 18 mpite, video za samaki zipo. Chupa nimenunua kwa hela yangu, hakuna aliyenilipa, ndiyo maana lebo nimeigeuzia ukutani.

Hilo neno "kavu" limewaponza wengi. Shemeji yangu alinunua akidhani ni ile tamu ya kwenye maharusi, akakunja uso kama kalamba ndimu. Kavu maana yake sukari ya zabibu karibu yote imeshageuka kilevi. Unataka tamu? Soma lebo kabla hujalipa.

Zabibu yenyewe inaitwa Makutupora, jina la huko huko Dodoma, kwenye kituo cha utafiti wa zabibu. Kule ni juu, zaidi ya mita 1,000, mvua haba, na wanavuna mara mbili kwa mwaka. Ulaya ni mara moja. Ngoja nisogeze kamera... mnaiona rangi? Imetoka kwenye maganda, maana juisi huchachuka pamoja nayo. Harufu ni ya zambarau zilizoiva mpaka zikapasukia chini ya mti, na kwa mbali vumbi lililoguswa na mvua. Nikinywa... mmh. Uchachu unatangulia, halafu ukakasi, ule wa ndizi mbichi, ulimi unagoma. Hiyo ni tanini, ya maganda na mbegu. Ikinywewa hivi hivi bila chakula, naipa wastani. Umemeza tu, ladha imeshaaga.

Lakini mlete mbuzi! Huyu kachomwa kwa chumvi na ndimu basi, mafuta yanadondokea mkaani. Kipande, kisha funda. Ukakasi umekwenda wapi? Tanini hupenda kushikana na protini, ikipata nyama inauachia ulimi wako. Uchachu nao unakata mafuta, unarudi kwenye sahani kama hujala kitu. Sombe, yaani kisamvu, ya mawese na karanga nayo imekubali, sikuitegemea kabisa.

Dagaa sasa, maana ukikaa Kigoma ukamruka dagaa utaulizwa. Nimewafuata mwaloni Kibirizi asubuhi, nikawakaanga wakakauka vizuri. Nimeonja na waini: kama nimelamba msumari. Dagaa hana kosa. Waini nyekundu ina madini ya chuma, na chuma kikikutana na mafuta ya samaki ndiyo inakuja ladha hiyo. Wale samaki wetu wa ziwani, migebuka, ndiyo usithubutu. Hapo chukua nyeupe, Dodoma wanazo. Na pilipili iwe kidogo, kilevi kinaichochea.

Halafu kuna wale wataalamu wa "nyekundu haiwekwi friji". Hiyo kanuni wameitoa kwenye nchi za baridi. Joto hili letu la ziwani, chupa ikikaa mezani inakuwa vuguvugu, kilevi kinakupiga puani kabla hujanusa zabibu. Friji nusu saa, inatosha. Na dukani angalia kizibo. Niliwahi kununua iliyokuwa imepangwa dirishani inapigwa na jua, kizibo kimesukumwa juu, shingo inanata. Nikajifanya sijaona. Ndani ilikuwa kama zabibu kavu zilizochemshwa.

Ikibaki, ziba urudishe friji. Ya wiki iliyopita, siku ya pili ukakasi ulikuwa umelegea, ikawa nzuri mdomoni kuliko siku nilipoifungua. Siku ya nne, siki. Mke wangu kaimwagia kwenye kachumbari, na hao mbuzi waliobaki tukawamalizia.