Factorio: gemu tunayofungia vikao vyetu vya waandishi wa programu

Maabara zilikuwa zimesimama, na kila mtu chumbani alikuwa na jibu lake.

Tulikuwa saba kwenye seva moja, ramani ya kiwanda chetu ikiwa ukutani kupitia projekta. Kwenye Factorio, maabara hula chupa za rangi mbalimbali, na kila rangi ina mlolongo wake wa mitambo ya kuitengeneza. Chupa zikikosekana, utafiti unakwama na hakuna teknolojia mpya inayofunguka. Kaka mmoja akasema umeme hautoshi, akaanza kuongeza injini za mvuke. Mwingine akasema maabara zenyewe ni chache, akajenga nne zaidi. Mimi nilikuwa na uhakika kwamba tatizo ni mkanda unaobeba chuma, na tayari nilikuwa nimeanza kuupanua. Ndipo dada mmoja anayesimamia hifadhidata kazini kwake, ambaye kwa kawaida haongei sana vikaoni, akasema: "Jamani, acheni kwanza kujenga. Tuufuate mkanda kurudi nyuma."

Tukaufuata. Chupa zilizokosekana zilikuwa za kijani. Chupa ya kijani hutengenezwa kwa mkono wa mashine mmoja na kipande kimoja cha mkanda. Mkono wa mashine unahitaji saketi. Saketi inahitaji bamba moja la chuma na nyaya tatu za shaba. Mashine za nyaya zilikuwa tupu, mkanda wa mabamba ya shaba ulikuwa mtupu, na matanuru ya shaba, yote 48, yalikuwa yamezima huku madini ya shaba yamejaa mbele yake. Yalikosa makaa. Upande wa mkanda uliopaswa kuleta makaa ulikuwa umejaa mawe matupu, toka mwanzo hadi mwisho. Mbali kaskazini, mashine moja ya kuchimba ilikuwa imewekwa pale makaa ya mawe yanapopakana na mawe ya kawaida, ikawa inachimba yote mawili na kuyamwaga kwenye mkanda mmoja. Mikono ya matanuru ilikuwa ikiokota makaa na kuyaacha mawe yapite. Kila jiwe lililopita lilikwenda kukaa mwisho wa mkanda, na lililofuata likakaa nyuma yake, hadi nafasi ya makaa ikaisha.

Tukaing'oa ile mashine, tukazoa mawe, na tanuru la kwanza likawaka. Kisha la pili. Ukutani tuliona safu nzima ikishika moto moja baada ya jingine, na chumba kizima kikashangilia.

Nilishangilia kwa sababu yangu pia. Majuma mawili kabla ya hapo nilikuwa nimekesha kazini na tatizo la aina hiyo hiyo. Foleni ya ujumbe wa malipo ilikuwa haisogei. Niliongeza seva, nikaongeza kumbukumbu, nikawasha upya kila kitu kinachoweza kuwashwa. Karibu na alfajiri ndipo nilipoufungua ujumbe uliokuwa mbele kabisa ya foleni: herufi moja isiyotarajiwa kwenye jina la mteja, programu inashindwa kuusoma, inaurudisha, inajaribu tena, na maelfu ya ujumbe usio na kasoro umesimama nyuma yake ukisubiri. Jiwe kwenye mkanda wa makaa. Ningekuwa nimecheza kile kikao kabla ya usiku ule, naamini ningeanzia kwenye foleni.

Basi hii ndiyo gemu ninayotaka kuizungumzia. Factorio inatengenezwa na Wube Software, studio ya Prague, Ucheki. Walianza kwa kuchangisha fedha mtandaoni mwaka 2013, wakaifikisha kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, mwaka 2016 ikiwa bado inajengwa, na toleo la 1.0 likatoka Agosti 2020. Unaanza ukiwa mtu mmoja aliyeanguka na chombo chake kwenye sayari ngeni, mkononi una vifaa vichache tu. Unachimba chuma kwa mkono. Baadaye unajenga mashine ya kukuchimbia, kisha mkanda wa kubeba, kisha mashine ya kutengeneza mashine, na baada ya saa nyingi unarusha roketi.

Picha zake si za kuvutia mtu anayepita. Rangi ni za udongo, kutu na moshi, na unaitazama dunia yako kwa juu. Uzuri wake unauona pale unapobonyeza Alt. Kabla ya hapo mashine zote zinafanana, masanduku ya chuma yanayotikisika. Ukibonyeza, juu ya kila mashine inajitokeza alama ya kitu inachotengeneza, na kiwanda kinasomeka kama msimbo uliopewa majina mazuri. Kila mgeni anayekaa kwenye kiti cha gemu kikaoni kwetu, hilo ndilo jambo la kwanza tunalomwelekeza. La pili ni P, inayofungua dirisha la takwimu: vipande vingapi vimezalishwa kwa dakika, vingapi vimetumika, grafu inapanda au inashuka. Siku ile ya mawe hakuna hata mmoja wetu aliyelifungua. Lingetuonyesha mara moja kwamba mabamba ya shaba yameanguka hadi sifuri. Siku hizi kuna kijana wa chuo ambaye hulifungua kabla hajashika chochote, na kazini nimeanza kumwiga: natazama vipimo kwanza, kibodi baadaye.

Hesabu zake ni za kweli na zinajibu. Mkanda wa njano hubeba vitu 15 kwa sekunde. Matanuru 48 ya mawe ndiyo yanayoujaza sawasawa, na ndiyo maana tulikuwa na 48. Mashine tatu za nyaya za shaba zinalisha mashine mbili za saketi, hakuna anayebaki na njaa na hakuna anayezidiwa. Hulazimiki kujua namba hizi ili ucheze; wengi wetu tulizigundua kwa macho, tukiona mkanda fulani unajaa na mwingine unakatika. Ila ukishaijua ile tatu kwa mbili, unaanza kuona uwiano wa namna hiyo kila mahali, hata kwenye programu yako, pale sehemu moja inaposoma data haraka kuliko nyingine inavyoweza kuiandika.

Wenye kupenda kujua ndani kuna nini watafurahi zaidi. Watengenezaji wameeleza hadharani kwa miaka mingi jinsi walivyoijenga kwa lugha ya programu ya C++, na kuna jambo moja ambalo sichoki kulisimulia. Kiwanda kikubwa kina mamia ya maelfu ya vitu juu ya mikanda. Kusogeza kila kimoja, mara 60 kwa sekunde, kungeichosha kompyuta yoyote. Wao wakabadilisha swali: badala ya kuhifadhi mahali kilipo kila kitu, wanahifadhi umbali kati ya kitu na kitu. Mkanda ukitembea, umbali huo haubadiliki, kwa hiyo karibu kazi yote inatoweka. Nilipolieleza hili kikaoni nilichora mkanda ubaoni, vitu vitano na nafasi kati yake, na mzee wetu mmoja aliyeanza kuandika programu kabla wengi wetu hatujazaliwa akainuka, akafuta vile vitu akaacha nafasi peke yake, akarudi kukaa bila neno.

Kuhusu kucheza wengi pamoja, hapa ndipo inapozipita gemu zote tulizowahi kujaribu. Seva haituambii hali ya kiwanda kizima kila sekunde. Kila kompyuta inakokotoa dunia yote yenyewe, na kinachosafiri mtandaoni ni vitendo vya wachezaji tu: huyu amejenga hapa, yule amegeuza mkanda kule. Kwa hiyo kompyuta zote lazima zifike kwenye jibu lile lile hadi tarakimu ya mwisho. Faida yake ni kwamba mtandao dhaifu unaubeba mchezo wenye kiwanda kikubwa. Gharama yake ni kwamba kompyuta isiyo na nguvu haina pa kujificha. Mwenzetu mwenye laptopu kuukuu alipojiunga na kiwanda chetu kilichokuwa kimefikia mwezi wa nne, aliipakua ramani vizuri, kisha kompyuta yake ikabaki inawafukuza wengine bila kuwafikia. Tulimpa kiti kwenye kompyuta nyingine. Kama kikundi chenu kina mashine za namna hiyo, anzeni ramani mpya mara kwa mara wala msing'ang'anie moja kwa mwaka mzima.

Nyongeza yake kubwa, Space Age, ilitoka Oktoba 2024 pamoja na toleo la 2.0, na nina ya kusema juu yake. Inaongeza sayari nne, kila moja ikiwa na sheria zinazovunja mazoea uliyojenga kwenye ile ya kwanza. Vulcanus ina lava, na chuma unakitoa humo humo. Nzuri, ila ni rahisi kidogo mno kwa mtu aliyezoea. Aquilo ni baridi, na mitambo inahitaji kupashwa joto. Sijakaa huko vya kutosha.

Fulgora ndiyo iliyoniteka. Huko huchimbi madini ya chuma wala shaba. Unachimba takataka za ustaarabu uliokwisha, unazipitisha kwenye mashine ya kuchakata, na zinakutolea vitu vilivyokwisha kutengenezwa: magurudumu ya meno, zege, barafu, saketi za hali ya juu. Unapata mwisho kabla ya mwanzo. Tatizo linageuka. Miaka yote umejifunza kutafuta kilichopungua, sasa kinachokuua ni kilichozidi. Barafu usiyoihitaji ikijaza mkanda, saketi unazozihitaji hazipiti. Lazima kila kitu kiwe na pa kwenda, hata kama ni kurudi kuchakatwa hadi kiishe. Tulitumia vikao viwili vizima kwenye swali hilo, na mazungumzo ya baada ya kikao yalihusu kumbukumbu za seva zinazojaa kwa sababu hakuna aliyepanga nani azifute.

Gleba ni ya wenye subira. Mazao yake yanaoza, na vingi vilivyotengenezwa kutokana nayo vinaoza pia. Ukizoea kujaza maghala, huko ghala ni adui. Mtu aliyewahi kuhangaika na data iliyohifadhiwa muda mrefu kuliko uhalali wake atalielewa jambo hili haraka. Wengine wataona kero, na siwalaumu. Maoni yangu ni kwamba maelezo ya ndani ya gemu yanamwacha mchezaji peke yake mno kwenye sayari hiyo.

Kuna mambo mengine yanayopaswa kusemwa waziwazi. Saa ya kwanza ni nzito. Kuchimba kwa mkono na kulisha tanuru makaa kunachosha, na nimeona watu wawili wakiacha kabla ya kufika kwenye mkanda wa kwanza. Kwa sababu hiyo, mgeni hatumwanzishi peke yake. Tunampa kazi ndogo ndani ya kiwanda kinachotembea, labda kuongeza safu ya matanuru, na hamu ya kujua ilianzaje inakuja yenyewe. Wadudu wa sayari ile wanavutwa na moshi wa kiwanda chako na kukishambulia, jambo ambalo kwa mtu anayetaka kujenga tu linaweza kuudhi. Unaweza kuwazima wakati wa kutengeneza ramani, na kikaoni kwetu tunawazima. Nyumbani nawaacha, kwa sababu wananilazimisha kufikiria gharama ya kila tanuru ninaloongeza.

Na kuna suala la muda. Gemu hii inakula usiku. Daima kuna mkanda mmoja unaokaribia kukamilika, na ukiukamilisha unaona ule wa pembeni yake hautoshi. Mimi nimejiwekea kengele, na kengele ikilia nasevu na kufunga, hata kama treni imesimama katikati ya njia. Mwenye mradi wa kukabidhi wiki hii asiifungue wiki hii.

Treni nazo zinastahili makala yake. Nitasema hili tu: njia panda ya reli isiyo na ishara sahihi itaziba siku kiwanda kinapokua, kila treni ikimsubiri mwenzake aondoke. Kwa miaka tisa nilikuwa nikiwaeleza vijana wanaoanza kazi kuhusu programu mbili zinazoshikiliana, kwa mishale na visanduku, na nilikuwa naona macho yao yakipotea. Sasa nawaonyesha treni nne kwenye njia panda. Hakuna aliyewahi kuniomba nirudie.

Kwa mwandishi wa programu anayefikiria kuinunua: kuna toleo la majaribio la bure, na linatosha kukuonyesha kama akili yako inapenda kazi ya namna hii. Ianzeni bila Space Age. Mwenye kikundi kinachokutana, achukue saa ya mwisho ya kikao, afungue seva moja, aweke projekta, na aachie watu wagombane juu ya mikanda. Vikao vyetu vilikuwa vya mtu mmoja kuongea na thelathini kusikiliza. Yule dada wa hifadhidata sasa ndiye anayeongoza saa ya gemu, na mwezi uliopita alitoa mada yake ya kwanza, kuhusu foleni.

Kikao kijacho tunakwenda Gleba. Kijana wa chuo ameomba apewe mikanda ya matunda, na ameshaandika kwenye karatasi kila zao linachukua dakika ngapi kuoza.